Mwaka Kitambulisho cha Bishar Kilipokaa Kwetu

Jumanne, mwanzoni mwa Oktoba. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, mawingu mazito upande wa Modogashe, mvua hakuna.

Hodan amepiga simu kutoka Dadaab. Basi lao limesimamishwa kwa ukaguzi na abiria wote wameshushwa, lakini anasema alasiri atakuwa hapa Garissa, inshallah. Anatoka Kismayo na binti yake mdogo, wanakwenda Nairobi kwa daktari wa macho, na usiku wa leo watalala kwetu. Nimefagia chumba cha mlango wa kijani, kile alichokaa zamani alipokuwa mwanafunzi. Nimempigia na Bishar wa idara ya afya. Akasema atakuja na mkewe baada ya Magharibi, na nisihangaike na kitoweo, kitatoka kwake. Kwa hiyo nimekaa jikoni sina la kufanya, jambo ambalo halinitokei, na nimeona niandike. Mimi si mtu wa kuandika. Niliishia darasa la nane, na tangu wakati huo kila siku naandika hali ya hewa na tulichokula, na katikati ya hayo mawili mara nyingi sina neno. Leo nitajaribu kuandika ya katikati, ya mwaka ule wa korona. Nikikosea, watakaokuja jioni wanisahihishe.

Nyumba hii ni ya eedo wangu, shangazi yangu, na wakati ule alikuwa akiipangisha kwa wasichana wa chuo. Mimi nilikuwa binti wa miaka ishirini na kidogo, napika, nafua mapazia, nafungua na kufunga geti. Machi vyuo vilipofungwa, wasichana wa Wajir na Mandera walipanda malori na mabasi wakaenda kwao. Walibaki wawili ambao kwao kulikuwa ng'ambo ya mpaka: Hodan wa Kismayo, aliyekuwa akisomea uuguzi, na Nyandeng wa Juba, aliyesomea ualimu, mrefu hata akiingia jikoni alikuwa anainama. Chuo kiliwatumia ujumbe kwenye simu kwamba wanafunzi wote waondoke mabwenini na kwenye nyumba za kupanga, warudi kwao. Siku chache baadaye serikali ikafunga mipaka. Nyandeng alisoma ujumbe wa kwanza, akasoma na wa pili, akaweka simu mezani akasema, "Mmoja ananiambia toka, mwingine ananiambia mlango umefungwa. Sasa mimi nisimame kizingitini?" Tulicheka, lakini niliona hajacheka. Eedo naye alikuwa amekwenda Eastleigh kuchukua bidhaa, Nairobi ikafungwa akiwa humo. Basi funguo zikabaki kwangu, na nyumba nzima ikawa sisi watatu na joto.

Nikikumbuka miezi ile naikumbuka kwa vyumba. Chumba cha mlango wa kijani kilikuwa na vitanda vya kupandiana na dirisha moja lililotazama tangi la maji. Ukumbini tulitandika mkeka na tukala hapo, kwa sababu meza ilionekana kubwa mno kwa watu watatu. Asubuhi anjera, mkate wetu mwembamba wa kikaangoni, na chai ya rangi, maana mama wa maziwa ya ngamia alikuwa hapiti tena. Mchana maharagwe. Nyandeng hakuwa Mwislamu, lakini Ramadhani ilipoingia alifunga na sisi siku za mwanzo, akasema kula peke yake mbele ya watu wenye njaa kunamkaba koo. Hodan alimwita abaayo, dada, na kila jioni baada ya futari alitia uunsi, ubani wetu ule wa kuchanganya na sukari na mafuta, kwenye chetezo cha udongo, akakipitisha nyumba nzima, chumba kwa chumba, mpaka kwenye mashuka. Alisema nyumba isiyofukizwa ni kama mtu asiyeoga.

Jambo moja nataka kulieleza kwa haki, nalo ni hofu yao. Mimi niliyezaliwa hapa nilikuwa naogopa ugonjwa. Wao waliogopa ugonjwa na waliokuja kuuzuia. Kwenye simu za wasichana wa Kismayo zilizunguka sauti za kurekodiwa: fulani amepelekwa karantini, kisha akapakiwa gari, amekwenda kutupwa mpakani Liboi, na upande wa pili hawakumpokea. Sikuwahi kumpata mtu aliyeona jambo hilo kwa macho yake. Lakini pia siwezi kusema lilikuwa uongo mtupu, kwa kuwa watu walioingia bila karatasi walikuwa wanarudishwa hata kabla ya korona, na mwenye hofu hatenganishi. Hodan alikuwa na viza ya mwanafunzi, ila ilikuwa inakaribia kwisha na ofisi ya kuiongeza ilikuwa imefungwa. Baba yake alimwambia kwenye simu, nilisikia kwa sababu aliweka sauti ya juu, "Soma, kula, kaa ndani. Serikali yoyote ikikuuliza umelala wapi, mjibu ukiwa unavaa viatu." Na baba yule nisimlaumu. Alikuwa ameziona serikali kadhaa.

Baada ya Idi, jioni moja, mimi na Nyandeng tulikuwa ukumbini tunachambua mchele, moshi ukaanza kutoka chumba cha kijani. Mwanzoni ulikuwa wa kawaida. Kisha ukawa mzito mpaka Nyandeng akaanza kukohoa na kufuta machozi. "Hodan! Unafukiza nyumba au unafukuza mbu wa Garissa yote?" Hodan akatoka na chetezo mkononi, amekasirika. "Yule mama wa sokoni ametuuzia vumbi. Wallahi kesho namrudishia. Nimetia mara tatu, hata harufu hakuna." Nikamwambia, "Abaayo, sisi hapa tunakufa kwa harufu." Akanitazama kama ninayemtania. Akainamisha uso juu ya makaa, karibu kabisa, nikaogopa mtandio utashika moto. Alikaa hivyo. Kisha akaweka chetezo chini taratibu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akajifunika pua na mdomo kwa mtandio. Yeye ndiye aliyesomea uuguzi, hakuhitaji kuambiwa. "Msinisogelee," akasema. "Fungueni madirisha. Na Fardosa, usimpigie mtu simu. Naomba. Usimpigie mtu."

Tuligombana sana, mimi na Nyandeng uani, Hodan chumbani nyuma ya mlango. Nyandeng alitaka tupige ile namba iliyokuwa ikitangazwa redioni. Hodan akajibu kutoka ndani, kwa Kiswahili chake cha Kismayo, "Wewe Nyandeng unaamini namba? Ile siku askari alikufukuza dukani uliamini?" Nyandeng akasema ni kweli askari mmoja alimfukuza, lakini mwingine siku ile ile alimsindikiza hadi getini ili kafyu isimkute njiani, sasa ahesabu yupi? "Ahesabiwe wa kwanza," Hodan akasema, "wa pili alikuwa anakutongoza." Tukacheka wote watatu, na kicheko chake kikageuka kikohozi kisichokatika, na hapo hakuna aliyecheka tena. Nilimwekea uji mlangoni, nikasogea, akatoa mkono akauchukua. Siku zilizofuata mkono ule ulikuwa unachelewa kutoka.

Asubuhi moja gari la afya likapita mtaani na kipaza sauti, na nyuma yake maafisa wakigonga geti moja moja. Kwetu aligonga Bishar. Wakati ule sikumjua. Kijana mwembamba, barakoa imelowa jasho, beji ya kazi kifuani. Akasalimu, akauliza kama tuko wazima. Nilifungua mdomo, na kabla sijajua ningesema nini, Hodan akakohoa ndani. Sijui mpaka leo ningejibu nini. Ningependa kusema ningesema kweli, lakini sina hakika. Bishar hakuingia ndani ya nyumba. Alisogea chini ya dirisha, akachuchumaa mbali kidogo, akaanza kuongea naye kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili alipomwona Nyandeng hafuati. Akamwambia kuna vitanda na oksijeni katika bweni la shule iliyofungwa, kuna wauguzi, atapimwa, akipona atarudi.

"Atarudi wapi?" Hodan akauliza.

"Hapa. Nyumba hii."

"Na wale waliopelekwa Liboi walikuwa wameambiwa nini?"

"Mimi sijampeleka mtu Liboi, walaal, ndugu yangu. Wallahi."

"Wallahi hata mimi ninayo. Nimeapa jana kwamba sina homa."

Bishar akacheka, nadhani bila kutaka. Kisha Hodan akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema kwao mtu akichukua kitu cha watu anaacha amana, na wewe unachukua mtu. Acha amana. Bishar akatoa simu yake, simu nzuri, akainyanyua aione kupitia dirishani. "Simu utanunua nyingine," Hodan akasema, anavuta pumzi kati ya maneno. "Nataka kile kitu ambacho ukikikosa, wewe pia wanakuuliza umetoka wapi."

Anayesoma haya akiwa Nyeri au Kisumu, huenda jambo hili halitamwingia akilini. Kwake kitambulisho ni kadi ya benki na ya kupigia kura. Hapa kwetu, mwenye sura yetu na jina letu bila kadi ile havuki daraja la Tana, hapiti kizuizi chochote, hata kama amezaliwa hospitali inayoonekana kutoka kwenye kizuizi chenyewe. Bishar alisimama, akatembea hadi kwenye tangi, akarudi. "Hii nimeipata baada ya kusimama mbele ya wazee wa kuhakiki uraia," akasema. "Wameniuliza babu wa babu yangu. Unajua?" Hodan akasema, "Ndiyo maana naitaka." Nyandeng akanyoosha kidole kwenye beji ya kazi ya Bishar, akasema si anayo hiyo? Bishar akatikisa kichwa. "Hii watasema ni ya kazi. Ya nchi iko wapi?" Akatoa kitambulisho mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, akakiweka juu ya jiwe la getini, akarudi nyuma. Nikakiokota. Hodan akanisikia nikikiokota, akaanza kuvaa viatu.

Nimejiuliza mara nyingi kama ni kadi iliyomtoa, au ni kwamba pumzi zilikuwa zinamwishia na alitaka sababu ya kukubali. Labda yote mawili. Alitoka mwenyewe kwa miguu yake, akapanda gari, Nyandeng akampungia mkono kwa kitambaa cha jikoni. Kadi niliiweka kabatini, pembeni ya msahafu wa eedo, na kila nikifungua kabati uso wa Bishar ulikuwa unanitazama, kwenye picha ambayo alikuwa bado hajaota ndevu.

Bishar alisema wiki mbili. Zikapita, vipimo vikachelewa kurudi, zikaongezeka nyingine. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Nasema pia kwamba kila alipopita mtaani alisimama getini akatuambia bado, na hakutupa uongo wa kututuliza. Hodan alipiga simu, sauti inarudi polepole. Alilalamika chai haina sukari, kisha akakumbuka kwamba hajui, huenda inayo.

Halafu ikaja asubuhi ile. Bishar aligonga, hana kipaza sauti, hana gari. Aliomba maji. Nikampa kikombe cha bati, akanywa amesimama, akaomba tena. Kisha akasema, habari ya mama yake, "Hooyo ameanguka. Yuko Modogashe." Nikajua kwa nini amekuja, nikageuka kwenda kabatini. Akaniita. "Hapana. Si yako kunipa, na si yangu kuichukua. Mpigie mwenyewe."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu. Bishar akamweleza kwa maneno machache: mama, kiharusi, hakuna anayejua kama ni leo au kesho, njiani kuna vizuizi. Hodan akasikiliza hadi mwisho. Nilisikia nyuma yake watu wanaburuta vitu, mabegi labda, na sauti ya mtu anayeamrisha.

"Hooyo anaitwa nani?" akauliza hatimaye.

"Halima."

"Mpe salamu yangu. Fardosa, mpe kadi."

"Na wewe, abaayo?"

"Mimi nani ataniiba? Sina hata pua. Mpe, asichelewe."

Bishar alichukua kadi kwa mikono miwili. Hakusema asante, alisema tu jina lake, "Hodan," akaondoka karibu anakimbia.

Tulichokuwa hatujui ni kwamba asubuhi ile ile kule bwenini walikuwa wameambiwa wafunge vitu vyao, kuna gari linakuja kuwahamisha. Hakuna aliyewaambia wanahamishiwa wapi. Hodan alipokuwa anaongea na sisi alikuwa ameketi juu ya begi lake, mlango uko wazi, injini inanguruma nje. Kitu pekee alichokuwa nacho dhidi ya Liboi kilikuwa kabatini kwangu, na akaniambia nikitoe. Hakututajia gari hata kidogo. Jioni ile tukampigia, simu imezimwa. Kesho yake imezimwa. Nyandeng aliacha kula, mimi nikawa nafungua kabati na kutazama ile nafasi tupu pembeni ya msahafu. Nilimlaani Bishar moyoni, kisha nikakumbuka yuko wapi, nikaomba msamaha kwa Mungu, kisha nikamlaani tena.

Bishar alirudi siku ya Alhamisi, macho mekundu. Alimkuta mama yake hai. Alikaa naye, akampa salamu ya Hodan, na mama akauliza ni binti wa nani, wakamweleza, akasema amejua kuchagua amana. Mama alifariki usiku ule, akazikwa siku iliyofuata, watu wachache, kwa masharti ya wakati ule. Bishar aliniambia hayo akiwa nje ya geti. Kisha akatoa kitambulisho, bado kwenye ile nailoni, akakiweka juu ya jiwe.

Nikamwambia, "Lakini alishakuachilia."

"Amerudi?"

"Hajarudi. Simu haipatikani. Hatujui yuko wapi."

"Basi bado ni amana," akasema, na akaenda zake kwa miguu kumtafuta.

Alimpata kabla ya adhuhuri. Lile gari lilikuwa limewahamishia jengo lingine la mji huu huu, kwa sababu bwenini maji yalikauka, na huko hakukuwa na pa kuchajia simu. Ndiyo habari yote. Afisa mmoja angesema neno moja, maji, na watu wasingelia juu ya mabegi yao. Lakini huenda naye alikuwa amechoka, au aliamini kila mtu ameshajua. Siku chache baadaye gari la afya likamleta Hodan getini, amekonda, mtandio umekuwa mkubwa kwake. Nyandeng alimwinua kama mtoto. Hodan mwenyewe alifungua kabati, akatoa kadi, akampa Bishar mkononi. Bishar akampa kopo la nyirinyiri, nyama ya kukaangwa na kuhifadhiwa kwenye samli, la mwisho alilotengeneza mama yake. Tulikula jioni ile. Hodan alitafuna taratibu, akasema hasikii kitu, anakula kwa kukumbuka.

Nimeandika mpaka hapo, geti likagongwa.

Sasa ni usiku na wageni wamelala. Hodan amenenepa, anavaa miwani, binti yake anauliza maswali bila kupumua. Tulimpigia Nyandeng simu Juba, akapiga kelele mpaka mtoto akaziba masikio. Tulipokuwa tunasubiri Magharibi, nilimuuliza Hodan kitu nilichokaa nacho miaka yote hii: alimwaminije Bishar, siku ile, na gari liko nje? Akasema, "Sikuamini serikali. Hata leo basi liliposimama nilianza kuvaa viatu kwanza. Lakini yule kijana angeingia tu achukue kadi yake, wewe ungemzuia? Badala yake akaomba maji."

Nikamwambia tuseme haki, Bishar naye alikuwa serikali, mshahara wake ulitoka huko.

Akafuta miwani yake. "Basi serikali ilikuwa na kiu," akasema.

Bishar alifika na mkewe, wamebeba kopo. Hodan alitia uunsi, kipande kidogo tu, chetezo kikapita chumba kwa chumba, na binti yake nyuma akinusa kila kitu. Tulikula anjera na nyirinyiri aliyotengeneza mke wa Bishar kama alivyofundishwa na marehemu mama mkwe wake, na chai ya maziwa ya ngamia. Hodan alisema chumvi imezidi. Bishar akaacha kula, akamtazama, akafuta uso kwa kiganja. Na kweli, ilikuwa imezidi kidogo.